Nani Atangulie Kurudi Nyumbani?

Katika kila mahali pa kazi hutokea siku ambayo kazi hukwisha kabla ya saa ya kutoka. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, barabara ni tupu, kitabu cha mashtaka hakina jambo jipya, bunduki zimekwisha kusafishwa na kuhesabiwa, na ua umefagiwa mara mbili. Mkuu wa zamu huitazama saa yake, kisha huwatazama watu wake, na kusema kwamba wawili watatu wanaweza kwenda zao. Hapo ndipo linapozuka swali dogo, ambalo hata hivyo hufika katika kila nyumba ya askari: waende akina nani?

Jibu lililozoeleka ni fupi. Waende wakubwa. Sajini huvaa koti lake la mvua bila ya kungoja kutajwa, koplo humfuata, na konstebo aliyetoka mafunzoni mwaka jana hubaki kaunta mpaka zamu ya usiku ije impokee. Hakuna anayelalamika kwa sauti, maana jeshini na katika polisi mtu hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba aliyemtangulia kuingia ana haki ya kutangulia. Malalamiko hungoja yafike nyumbani.

Wake wa askari wanaijua hesabu hii kuliko waume zao. Katika laini ya polisi mtu aweza kukijua cheo cha baba wa kila nyumba kwa kutazama tu saa ya moshi wa jiko. Mke wa sajini huinjika maharagwe alasiri, akijua kwamba yatakapoiva mwenyewe atakuwa amekwisha kuoga na kukaa. Mke wa konstebo mchanga hupika, hufunika, huweka sufuria pembeni mwa makaa, huongeza kaa moja na jingine, na mwishowe hula na watoto akamwekea bwana chakula kilichopoa. Mkaa nao ni fedha. Wala si wanaume peke yao wanaongojwa. Yuko konstebo wa kike anyonyeshaye, ambaye kila robo saa ya kukawia kwake ni kilio cha mtoto mikononi mwa yaya.

Yafaa basi kulitazama vizuri neno hili ukongwe, kwa kuwa lina sura mbili na watu wengi huzichanganya. Kuna cheo, na kuna utumishi. Cheo ni daraja aliyopewa mtu ili aamuru na ili aulizwe mambo yakiharibika. Utumishi ni hesabu ya siku alizozitoa. Aghalabu viwili hivyo huenda pamoja, lakini si sikuzote. Katika vituo vingi yupo konstebo mwenye mvi aliyeingia kazini wakati inspekta wake angali akivaa kaptura za shule. Hakupandishwa, ama kwa sababu ya mtihani, ama kwa ulimi wake, ama kwa bahati tu. Mvua ikinyesha na ruhusa ikatolewa, konstebo huyo hutazama koplo wa miaka mitatu akipita mbele yake mlangoni.

Mwenye cheo amekwisha kulipwa kwa cheo chake. Mshahara wake ni mkubwa zaidi, nyumba yake ina chumba cha ziada, na watoto wake husalimiwa kwa jina la baba yao. Zaidi ya hayo, ikiwa lipo jambo litakalotokea kituoni jioni hiyo, yeye ndiye atakayeulizwa. Basi kwa hakika yeye ndiye apaswaye kubaki. Utumishi wa miaka mingi, kinyume chake, hudai kitu kimoja ambacho mshahara haulipi, nacho ni zile jioni zilizopotea. Anayehesabu miaka huwa anahesabu ni mara ngapi mtu huyu hakuwapo nyumbani kwake. Hesabu hiyo ikifanywa kwa haki, hata kijana huikubali. Ikibadilishwa na hesabu nyingine kwa siri, hata askari mtiifu kuliko wote hugoma.

Ushahidi wa jambo hilo upo, tena mkubwa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokoma tarehe 11 Novemba 1918, serikali ya Uingereza ilikuwa na mamilioni ya askari waliotaka jambo moja tu, kurudi kwao. Mpango wa kuwaachia ulikuwa umetengenezwa tangu mwaka 1917, na katika karatasi ulionekana kuwa na busara. Wangetangulia wale ambao viwanda viliwahitaji sana, mafundi na wasimamizi wa kazi, ili uchumi usimame upesi. Hata askari aliyekuwa likizoni aliweza kuachiwa endapo angeonyesha barua ya tajiri wake wa zamani kwamba kazi inamngojea. Kasoro ikaja kuonekana baadaye. Mafundi hao, kwa kuwa viwanda viliwahitaji, ndio waliokuwa wamechelewa kuitwa vitani. Kwa hiyo aliyeingia mwisho alitoka kwanza, na yule aliyekaa mahandakini tangu mwanzo aliambiwa angoje. Yule wa barua alikuwa na tajiri wa kumwandikia. Mchunga ng'ombe na mpakiaji mizigo hawakuwa na mtu wa kuwaandikia chochote.

Tarehe 3 Januari 1919, katika bandari ya Folkestone, maelfu ya askari waliokuwa wamekwisha likizo walikataa kupanda meli za kuwarudisha Ufaransa. Walijipanga mistari, wakatembea kwa utaratibu mpaka ukumbi wa mji, wakaeleza haja yao. Dover nako kukawa vivyo hivyo. Siku chache baadaye malori yaliyojaa askari yakaonekana London, katika mitaa ya ofisi za serikali yenyewe. Hao hawakuwa waoga. Walikuwa watu waliokwisha kushinda vita. Hasira yao haikuwa kwamba wanangoja, bali kwamba wanangoja nyuma ya mtu aliyekuja jana.

Winston Churchill, aliyefanywa Waziri wa Vita mwezi huo huo, aliigeuza hesabu. Wangetoka waliojiunga kabla ya mwaka 1916, na waliozidi umri wa miaka 37, na waliokuwa na alama tatu za majeraha mkononi mwa koti. Waliosalia wangebaki, lakini kwa mshahara ulioongezwa. Ghasia zikapungua. Wengi waliobaki walibaki vile vile kama wangebaki chini ya mpango wa kwanza. Tofauti ni kwamba sasa kila mmoja aliweza kuisoma hesabu na kuona ni kwa nini jirani yake wa kitanda amefunga mzigo.

Somo hilo lilikumbukwa katika vita vya pili. Ernest Bevin, Waziri wa Kazi wa Uingereza, ambaye alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na aliyajua manung'uniko ya watu kabla hayajatamkwa, alitangaza mpango wake mwezi Septemba 1944, vita vikiwa bado vinapiganwa. Hesabu yake iliweza kufanywa na kila askari kwa vidole: umri wake, na miezi miwili ya utumishi ihesabiwe sawa na mwaka mmoja wa umri. Kijana wa miaka 22 aliyetumikia miaka minne alikuwa katika kundi moja na mzee wa miaka 40 aliyetumikia mwaka mmoja. Cheo hakikuwamo katika kanuni hiyo. Makundi yakaanza kutoka tarehe 18 Juni 1945.

Bevin alijua pia kwamba nchi iliyobomolewa na mabomu inahitaji waashi. Akawaachia nafasi ya kuruka foleni, lakini akaweka bei yake. Aliyetoka kwa zamu yake alipewa likizo ya siku 56 yenye malipo. Mwashi aliyeruka foleni alipewa siku 21 tu, tena aliweza kuitwa tena jeshini endapo angeiacha kazi aliyoijia. Hapo pana akili ambayo wakuu wengi wa zamu hawajaifikia. Haja ya dharura yaweza kumpitisha mtu mbele ya mwenzake, lakini mwenzake aone kwamba amelipa kitu.

Wamarekani walihesabu kwa alama. Mwezi Mei 1945 askari wao alihitaji alama 85 ili aende kwao: alama moja kwa kila mwezi wa utumishi, moja nyingine kwa kila mwezi wa ng'ambo, tano kwa kila nishani au kampeni ya vita, na kumi na mbili kwa kila mtoto, mradi wasizidi watatu. Akina mama wasomao ukurasa huu wataona kilichokosekana. Mtoto alikuwa na alama kumi na mbili, mke hakuwa hata na moja. Waliotunga kanuni ile yamkini waliona kwamba ndoa yaweza kufungwa kwa wiki moja ya likizo kwa ajili ya alama, ilhali mtoto hakopwi. Hata hivyo, mke aliyengoja miaka mitatu bila ya kujaliwa mtoto angekuwa na la kusema.

Na askari wetu? Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katika mvua na matope na malaria, na lugha iliyowakusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland katika vikosi vile vya KAR ilikuwa Kiswahili hiki hiki. Japani ilipokubali kushindwa mwezi Agosti 1945, wengi wao walibaki wakingoja meli, na mwaka 1946 ulikuwa umekwisha kuingia kabla hawajaiona Mombasa. Meli zilikuwa chache kwa kila jeshi. Mwezi Januari 1946 hata askari wa jeshi la anga la Uingereza waliokuwa India, kuanzia kambi ya Drigh Road mjini Karachi, waligoma kwa sababu zamu ya kurudi kwao ilienda polepole mno. Yule aliyeko mbali zaidi na bandari huona foleni ikisimama, hata kama hesabu ni nzuri.

Hadi hapa imesemwa kana kwamba kurudi nyumbani ni heri sikuzote. Sivyo. Hapa Uganda, kuanzia mwaka 1992, jeshi lilipunguzwa kwa awamu tatu, na askari zaidi ya 36,000 wakarudishwa uraiani chini ya bodi maalumu iliyoundwa kuwasaidia. Walipewa fedha, mabati, mbegu, na ada ya shule kwa watoto. Kwa wengine ulikuwa mwanzo mpya. Kwa wengine, waliojiunga wangali vijana wadogo na hawakujua kazi nyingine, kupelekwa nyumbani kulikuwa ni kuvuliwa sare, mshahara na marafiki kwa siku moja. Wako wanawake walioolewa kambini na mtu wa mbali, wakafikishwa kwa wakwe ambao hawakuijua hata lugha yao, wakiwa na mabati kichwani na watoto nyuma. Hao hawakuuliza kwa nini hawakutangulia. Waliuliza kwa nini wametangulia.

Ndiyo maana ukongwe hugeuka uso kufuatana na kilichoko mlangoni. Katika kinu cha pamba au kiwanda cha chai, ambako kibarua hulipwa kwa saa, majani yakiwa haba msimamizi huwaambia wengine waende, na anayekwenda amepoteza mlo. Hapo mkongwe hataki tena kutangulia. Hudai kubaki, na aliyeajiriwa mwisho ndiye anayeonyeshwa njia. Jirani zetu wa Kenya wameliandika jambo hili katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40: mwajiri anayepunguza watu kwa kukosekana kazi sharti azingatie urefu wa utumishi wao, pamoja na ustadi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Haikusemwa urefu wa utumishi peke yake, wala haikuachwa kwa mapenzi ya mwajiri. Kuna watu wanaodhani ni kigeugeu kwa mkongwe kudai kutangulia leo na kudai kubaki kesho. Lakini ni dai moja. Mara zote mbili anasema kwamba miaka yake ihesabiwe kwa faida yake, isihesabiwe kwa faida ya tajiri.

Kituo kimoja kidogo cha mashariki ya nchi kilipata kuyapitia mambo haya yote kwa kipimo chake. Sajini wa pale alikuwa mtu mwema, mcheshi, aliyeijua kazi yake, na ambaye hakupata kujiuliza ni nani aliyekuwa akibaki alipokuwa akiondoka. Chini yake alikuwapo koplo, na konstebo mmoja wa miaka kumi na minane ya utumishi, na vijana wanne. Jioni moja kijana mmojawapo alipelekewa habari na mtoto wa jirani kwamba mwanawe wa miezi mitano ana homa kali na amekataa ziwa. Ruhusa ya watu wawili ilikuwa imekwisha kutolewa. Sajini alikwisha kwenda. Nafasi ya pili ilikuwa ya konstebo mzee, aliyepewa kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, kwa kuwa koplo alikuwa safarini.

"Mzee," alisema kijana, "nakuomba. Mtoto ni mgonjwa."

Mzee alikuwa ameshika baiskeli yake. Alinyamaza kwanza, kisha akajibu bila ya ukali: "Wa kwangu wa pili alizaliwa nikiwa lindoni, na wa tatu aliugua nikiwa lindoni, na wa tatu yule hayupo. Nani aliniachia zamu yake?" Akaondoka.

Wapo waliomlaani alipokwisha kupita lango, na ni rahisi kumlaani. Ila aliyemnyima kijana ruhusa hakuwa mzee yule. Nafasi ya kwanza ndiyo iliyostahili kuombwa, na iliyostahili kutolewa, na mwenye nafasi hiyo wakati huo alikuwa amekwisha kuvua viatu. Wawili waliobaki na haki ndogo waliachwa wanyang'anyane. Mtoto alipelekwa zahanati na mke wa sajini mwenyewe, aliyesikia kilio kupitia ukuta, akambeba mgongoni huku mama yake akimfuata kwa taa. Ilikuwa malaria. Baba yake aliwakuta saa nne ya usiku, wamekaa bencini, homa imeanza kushuka.

Inspekta wa kituo kile, mwanamke aliyeanza kazi kaunta kama wengine, hakumwadhibu mtu. Alinunua daftari la shule la kurasa tisini na sita, akachora mistari, na kuanzia siku hiyo kila aliyeruhusiwa kutoka mapema aliandikwa, jina na saa. Hakusema neno jingine kwa miezi miwili. Kisha akalifungua daftari mezani mbele ya paredi ya asubuhi na kuwaambia wapite wasome wenyewe. Jina la sajini lilijaza kurasa. La mzee lilitafutwa. Majina ya vijana wawili hayakuwamo kabisa.

Kanuni aliyoitoa ilikuwa na mambo machache. Kila zamu mtu mmoja mwenye cheo atabaki hadi mwisho, na wenye cheo wapokezane wao kwa wao. Nafasi za kutoka mapema zitazunguka kwa watu wote, mwenye utumishi mrefu akianza mzunguko, na mzunguko usirudi mwanzo kabla haujafika mwisho. Mwenye ugonjwa au msiba nyumbani atapita mbele ya yeyote bila ya kuomba, lakini atamlipa aliyempisha kwa kumshikia zamu ya Jumapili. Mtu mmoja aliuliza je, mwenye watoto wengi asipewe zaidi? Inspekta akajibu kwamba basi wasio na watoto hawatafika kwao kabla ya kustaafu, na paredi ikacheka.

Yalikuwapo manung'uniko. Koplo aliona kwamba heshima ya utepe wake imepungua, akalisema hilo kwa watu wa pembeni, na ni kweli kwamba katika jeshi au polisi heshima ya utepe si jambo la kuchezea. Jibu alilopewa ni kwamba amri zake bado zinafuatwa kuanzia saa ya kuingia hadi saa ya kutoka. Kijana naye, Jumapili iliyofuata, alifika kumshikia mzee zamu, ingawa mzee hakuwa amempisha na hakuwa na deni lolote juu yake. Mzee alimtazama, akaitazama baiskeli, akaketi naye bencini kwa muda kabla ya kwenda.

Aliyepata taabu kubwa kuliko wote ni mke wa sajini. Kwa miaka tisa aliinjika maharagwe saa ileile. Sasa ilimbidi amtume mtoto mpaka kona ya laini aangalie kama baba anakuja, na siku nyingine mtoto alirudi akisema kwamba anayekuja ni konstebo mzee, na baiskeli yake, na jua lingali juu.